Mfuko wa Thelathini na Tano

Ng'ombe saba walionusurika katika zizi la marehemu baba wanatakiwa wauzwe, ili mtoto wa dada yangu aende kusomea urubani. Baraza la ukoo limekaa mara mbili. Mara zote mbili kaka yangu mkubwa ameshinda kwa hoja moja ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa: ndege zinaongezeka, na ndege hairuki bila rubani. Akahesabu kwa vidole. Dar es Salaam ilipokea Boeing 767 ya mizigo Juni 2023. Kigali ilitangulia kupata ndege ya mizigo ya kwake. Kinshasa imeshirikiana na Waethiopia, na Air Congo ikaanza kuruka Desemba 2024. "Siku uwanja wa Goma ukifunguliwa," akasema, "makampuni ya mizigo yataongeza ndege kama uyoga baada ya mvua. Watatafuta marubani kwa tochi. Sisi tutakuwa na wetu."

Hoja hiyo si ya kaka peke yake. Nimeisikia redioni, nimeisikia kwa wafanyabiashara wa Goma na kwa maofisa wanaokuja kutuahidi maendeleo. Kampuni ikiongeza ndege, wanasema, rubani ndiye wa kwanza kufaidika: kazi zinazidi, saa za kuruka zinazidi, ukapteni unakuja mapema, mshahara unapanda. Imekuwa kama jambo lisilohitaji ushahidi.

Mimi napinga, na sipingi kwa kubashiri. Jambo wanalolingojea lilikwisha kutokea kwetu, mahali ambapo ndege hutumia chini ya saa moja kutoka Goma. Anayetaka kujua wingi wa ndege humfanyia nini rubani, aulize habari za Kilambo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kilima cha Bisie, ndani ya msitu wa Walikale, kilianza kutoa kasiterite, yale mawe ya bati, kwa wingi uliowashangaza hata wazee wa madini. Barabara ya kufika huko haikuwapo. Wapagazi walibeba mifuko ya kilo 50 mgongoni, wakakata msitu kwa miguu mpaka Njingala, na kutoka hapo magari yakaifikisha Kilambo. Kilambo hapakuwa na uwanja wa ndege. Palikuwa na kipande cha barabara ya lami kilichonyooka vya kutosha. Ndege ikisikika, watu na baiskeli walifukuzwa pembeni, nayo ikatua katikati ya barabara ya serikali, miti kushoto na miti kulia. Ilipakia, ikageuka, ikaondoka. Kisha ikaja nyingine. Biashara ilivyonoga, ndege ziliongezeka: LET 410 za Czech, Antonov za iliyokuwa Sovieti, nyingi zimeshazeeka kabla ya kuliona Ziwa Kivu. Kwa miaka kadhaa sehemu kubwa ya kasiterite ya Kivu ya Kaskazini ilipita kwenye kile kipande cha lami.

Hapo lazima nieleze jambo ambalo mtu wa Rubaya, kwetu kwenye machimbo ya koltani, atalielewa upesi kuliko msomi wa uchumi, kwa sababu yeye ameyashika madini mkononi. Mfuko wa kilo 50 wa kasiterite iliyooshwa ni mdogo kuliko bidoni ya lita 20. Koltani yetu nayo ni vivyo hivyo: kiganja kimoja kinakushtua kwa uzito wake. Sasa LET 410 ni ndege ya viti 19, na ukiiondoa viti inabeba takriban kilo 1,700 za mzigo, kama injini ni nzima, mafuta ni ya kiasi na njia ya kurukia inatosha. Hiyo ni mifuko 34. Ipange ndani: inafunika sakafu tu. Juu yake unabaki uwazi ambao ungeweza kumwingiza mtu amesimama nusu. Ukipakia magodoro au samaki wakavu, ndege hujaa kabla haijalemewa. Ukipakia kasiterite, hulemewa huku macho yakiiona tupu. Mwenye mzigo anachungulia mlangoni, anaona nafasi, anasema ongeza. Mfuko wa thelathini na tano haufanani na kosa. Wa thelathini na sita pia.

Rubani ndiye anayejua. Anajua kwamba atainuka kutoka bonde la joto la Walikale, ambako hewa yenye joto huinyima injini nguvu, na kwamba mbele yake kuna milima ya Masisi inayopita mita 2,000, ambayo mchana mara nyingi imejifunika mawingu. Anajua kwamba Goma yenyewe iko mita 1,500 juu ya bahari, chini ya Nyiragongo, na kwamba injini moja ikizimika juu ya milima hiyo, kilo 250 za ziada, yaani mifuko mitano ambayo hakuna aliyeiona, ndizo zitakazoamua kama ndege itaendelea kwenda mbele au kushuka.

Kwa hiyo swali la maisha ya rubani wa mizigo ni moja: akisema mfuko wa thelathini na tano hauingii, unaingia au hauingii?

Sheria inasema hauingii. Kanuni za kimataifa zilizozaliwa na Mkataba wa Chicago wa 1944 zinampa kamanda wa ndege uamuzi wa mwisho juu ya ndege yake. Congo ilitunga sheria yake ya usafiri wa anga Desemba 2010. Karatasini, mbele ya mlango wa ndege, hakuna tajiri wala kanali aliye juu ya rubani.

Sasa tuiache karatasi twende Kilambo. Weka ndege moja tu kwenye ile lami. Rubani akikataa mfuko, mwenye mzigo atanung'unika, atatukana, mwishowe atapunguza, maana hana pengine pa kwenda. Weka ndege sita. Wa kwanza akikataa, mifuko inahamia kwenye ndege ya pili. Wa pili akikataa, ya tatu. Hakuna haja ya kufika ya sita: njiani atapatikana mwenye deni la karo, au kijana anayetafuta saa, au mgeni ambaye mkataba wake unaisha mwezi ujao. Na popote rubani anapolipwa kwa mzunguko, aliyekataa analala bila kitu na aliyekubali anapeleka unga nyumbani. Kesho yake yule wa kwanza anakubali. Hajawa mzembe, wala hajasahau alichofundishwa. Ameona tu kwamba neno lake halina tena uzito.

Hilo ndilo ninalowaambia wanaoshangilia idadi. Ndege zikiongezeka mahali ambapo rubani hana ulinzi wa kukataa, kila ndege mpya inampunguzia thamani ya "hapana" yake. Na "hapana" ndiyo mali pekee ambayo rubani anayo. Kuendesha, wengi wanajua.

Kaka alinijibu barazani kwa hesabu ya soko: ndege nyingi, marubani wachache, basi marubani watapandisha bei. Ni jibu la mtu mwenye akili, na lingekuwa la kweli kama ndege zingekuja bila marubani. Kwetu ndege zilikuja na watu wake. Baada ya Sovieti kuvunjika mwaka 1991, ndege za Antonov zilipatikana kwa bei ndogo, na zilipovuka kuja Afrika ziliandamana na wafanyakazi wa huko huko waliozijua tangu ujana, wenye leseni za aina ile. Kijana wa Kikongo aliyerudi na cheti alikuta kiti cha kulia kimekaliwa na cha kushoto kimekaliwa. Nisieleweke vibaya, wale wageni siwalaumu. Walikufa pamoja na sisi, na wengi wao walifia mbali na makwao kwa malipo ambayo hayakustahili. Nasema tu kwamba hesabu ya ndege haikuwa hesabu ya ajira zetu.

Tena kuna jambo la pili ambalo hesabu ya soko hailioni. Ongezeko la ndege hapa halikuwa la kampuni moja kubwa kuongeza ndege kumi, ikaajiri marubani arobaini, ikawa na ratiba, chumba cha mapumziko na rubani wa akiba. Lilikuwa ongezeko la wenye ndege: huyu ana moja, yule ana mbili, mwingine amekodi. Kampuni ya ndege moja haina rubani wa akiba. Rubani akiumwa homa, ndege inalala. Na mwenye ndege hawezi kuiacha ilale. Basi rubani anaruka na homa yake.

Hoja ya saa za kuruka nitaikubali kwa sehemu, kwa kuwa ni ya haki. Kijana anahitaji saa 1,500 ili afikie leseni ya juu ya rubani wa mashirika, na saa hizo hazipatikani kwa kukaa nyumbani. LET inahitaji marubani wawili. Ndege zikiwa nyingi, viti vya rubani msaidizi ni vingi, na daftari lake linajaa. Ni kweli. Lakini daftari linahesabu saa, halihesabu mara ngapi ameinuka na mara ngapi ametua. Rubani wa ndege kubwa anaweza kupata saa nane kwa kuinuka mara moja na kutua mara moja. Wa Walikale anahitaji karibu mizunguko mitano kupata saa hizo hizo, na hatari ya urubani imejikusanya katika dakika za kuinuka na za kutua. Saa moja ya huku si saa moja ya kule. Na mwenye haraka ya kujaza daftari ndiye wa mwisho kusema mfuko hauingii.

Wanaotetea wingi wa ndege, ajali ikitokea, hukimbilia maneno mawili: kosa la rubani. Hapo ndipo napandwa na hasira, nakiri. Agosti 2007 Antonov 32 iliyobeba kasiterite na watu ilianguka Kongolo muda mfupi baada ya kuinuka. Watu 14 walikufa. Haukupita mwezi, Septemba mwaka huo huo, Antonov 12 ya mizigo iliyotoka Kisangani iliipita mwisho wa njia ya Goma ikaishia kwenye mawe ya lava, na waliokuwamo wakafa. Lava hiyo ilikuwa pale tangu Januari 2002, Nyiragongo ilipomeza theluthi ya njia ya ndege. Miaka mitano ilikuwa imepita na marubani bado walitakiwa kutua juu ya kile kilichobaki. Aprili 2008 DC-9 ya Hewa Bora ilishindwa kuinuka kwenye njia hiyo hiyo ikaingia Birere, katikati ya maduka na nyumba. Februari 2011 LET 410 ya mizigo iliyotoka uwanja wa Kavumu ilijigonga mlimani. Marubani wawili ndio waliokuwamo, wote wawili wakafa. Novemba 2019 Dornier 228 iliyokuwa ikienda Beni iliangukia nyumba za watu Goma dakika chache baada ya kuinuka.

Sidai kwamba ajali hizi zote zina sababu moja. Nadai kwamba tumezoea kumzika rubani pamoja na maelezo. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago kinasema wazi kwamba uchunguzi wa ajali lengo lake ni kuzuia nyingine isitokee, wala si kugawa lawama. Sisi tunagawa lawama kabla moshi haujaisha, na tunampa yule ambaye hawezi tena kujibu. Nani alimwuliza mwenye ndege mzigo ulipimwa wapi?

Na kupimwa, jamani, ulikuwa umepimwa. Hili ndilo linalonikosesha usingizi. Njooni Rubaya mtazame. Hakuna kitu kinachopimwa duniani kama madini yetu. Mchimbaji akitoka shimoni, mizani. Mnunuzi mdogo, mizani. Ghala, mizani. Tangu mfumo wa lebo za kufuatilia madini ulipofika Rubaya mwaka 2014, kila mfuko uliandikiwa kilo zake kwenye daftari pamoja na namba yake, na Goma ukapimwa tena. Gramu mia ikipungua, watu wanashikana mashati. Kasiterite ya Bisie nayo ilipimwa, kwa kuwa mpagazi alilipwa kwa kilo na ushuru ulidaiwa kwa kilo. Kwa hiyo asije mtu akaniambia uzito wa ndege ulizidi kwa kutojua. Uzito ulijulikana na kila mtu aliyekuwa akilipwa kutokana nao. Mizani ilikuwapo njia nzima, ikakosekana kwenye mlango wa ndege, kwa sababu hapo ingepunguza fedha badala ya kuzileta.

Mchimbaji wetu anaijua hadithi hii bila kuelezwa. Inasemwa kwamba takriban asilimia 15 ya koltani ya dunia inatoka katika vilima vyetu. Mashimo yameongezeka mwaka hata mwaka. Kabla ya waasi wa M23 kuingia Rubaya mwisho wa Aprili 2024 na baada yake, mashimo yaliongezeka. Je, mchimbaji alipata nguvu zaidi? Wakati wa mvua, udongo ukianza kupasuka, yule anayekataa kuingia anasukumwa pembeni na mwingine anayengoja nafasi. Mashimo mengi, wachimbaji wengi, na hakuna hata mmoja anayeweza kukataa. Kaka anaelewa hili vizuri anapozungumzia shimo. Anapozungumzia ndege, kwa kuwa ndege inang'aa, anasahau.

Atakayesema kwamba haya ni matatizo ya Congo tu, amtazame rubani wa mizigo wa Marekani. Desemba 2011 serikali ya huko ilitoa kanuni mpya za mapumziko ya marubani, zilizoanza kutumika Januari 2014. Kanuni zikawahusu wa abiria. Wa mizigo wakaachwa nje, kwa hoja kwamba gharama ingekuwa kubwa mno. Katikati ya miaka hiyo, tarehe 14 Agosti 2013, ndege ya mizigo ya UPS ilianguka alfajiri ikikaribia kutua Birmingham, Alabama. Marubani wawili walikufa, na wachunguzi waliutaja uchovu miongoni mwa mambo yaliyochangia. Hao walikuwa na chama, mawakili, mshahara wa mwezi na mizani kila kona. Kama wao walisahaulika kwa sababu nyuma yao walibeba maboksi, nani atamkumbuka kijana wa Rubaya?

Najua pia kuna wanaosema: bila ndege, Walikale itakufa njaa. Siombi ndege zipungue. Bisie yenyewe, tangu kampuni ya Alphamin ianze uzalishaji mwaka 2019, bati lake limekuwa likitoka kwa malori, lakini vijiji vingi vya Walikale na Shabunda bado vinaletewa chumvi, sabuni na dawa kwa ndege hizo hizo ndogo. Uwanja wa Goma ulifungwa mwisho wa Januari 2025, Kavumu ukaangukia mikononi mwa wapiganaji wa M23 wiki chache baadaye, na tumeona bei ya kila kitu ilivyopanda. Siku anga itakapofunguliwa ndege zitakuja nyingi na kwa pupa, kwa kuwa mizigo imelundikana. Ndiyo maana nayasema haya sasa, kabla hazijaja.

Ninachotaka kinajulikana na kila rubani niliyewahi kuzungumza naye. Mshahara wa mwezi, usiotegemea mizunguko. Mizani kwenye mlango wa ndege, na mkaguzi wa serikali anayelipwa mshahara wake kwa wakati, maana mkaguzi mwenye njaa ni abiria wa bure tu. Karatasi ya uzito yenye saini ya kapteni, nakala ibaki chini ndege inapoinuka. Na zaidi ya yote, kampuni ikitangaza ndege mpya, iulizwe hadharani: mwaka jana marubani wenu walikataa mizigo mara ngapi, na waliokataa wako wapi leo? Kampuni yenye marubani waliokataa na bado wako kazini, hiyo iongeze ndege hata ishirini. Isiyo na hata mmoja aliyewahi kukataa, ndege zake zinanitisha.

Usiku wa baraza la pili mpwa wangu alinifuata nje, kwenye ukingo wa zizi. Hakubisha. Aliuliza tu, "Mjomba, nikiukataa huo mfuko, wakanifukuza?"

Sikumjibu usiku ule. Tunakaa tena Jumapili. Nitasimama mbele ya kaka na kuomba tuuze ng'ombe wanne, si saba, hata kama masomo yatachelewa mwaka mzima tukingoja michango ya ndugu walioko Kampala. Watatu wabaki zizini kwa jina lake, waandikwe kuwa wake, wasiguswe kwa karo wala kwa harusi ya mtu. Siku atakayofukuzwa kwa sababu ya mfuko, arudi awakute.